Namna ya Kuandaa Msimu wa Filamu na Mijadala Chuoni

Watu wengi wanaotaka kuanzisha msimu wa filamu chuoni huanza kwa kuorodhesha filamu wanazozipenda, kisha hutafuta ukumbi, kisha projekta, na siku mbili kabla ya onyesho ndipo hukumbuka kwamba baada ya filamu patakuwa na mjadala unaohitaji mtu wa kuuongoza. Mimi nilianza hivyo hivyo, na muhula wa kwanza ulikwisha bila hata jioni moja ambayo watu walibaki vitini kwa hiari yao baada ya majina ya waigizaji kupita kwenye skrini. Tangu hapo nimeugeuza mpangilio: naanza na saa ile inayofuata filamu, namtafuta mtu atakayeijaza, na filamu huchaguliwa baadaye. Mwanafunzi wa leo anaweza kuitazama filamu karibu yoyote kwenye simu yake akiwa amelala hosteli. Asichoweza kukipata huko ni kuitazama pamoja na watu mia moja, kuwasikia wakicheka mahali ambapo yeye hakucheka, kisha kuketi mbele ya mtu aliyeyaishi mambo yaliyoonyeshwa na kumuuliza kama ndivyo yalivyo kweli.

Mwongozo huu unatokana na miaka kadhaa ya kusaidia kazi hii katika chuo kimoja cha magharibi mwa Kenya. Nimeuandika nikiwafikiria wanafunzi na wahadhiri wa ukanda wetu, kuanzia Maseno na Bondo hadi Kakamega na Njoro, ambao wengi wao huishi mbali na majumba ya sinema ya mijini na hawana bajeti ila ile watakayoiomba.

Mada kwanza

Muhula una majuma 14 hivi ya masomo. Ukiondoa majuma ya usajili, ya majaribio na ya kujiandaa kwa mitihani, unabaki na jioni tano au sita ikiwa utaonyesha filamu moja kila baada ya majuma mawili. Usiongeze idadi hiyo hata ukishawishiwa, kwa kuwa juma la katikati lina kazi yake: kuonana na mgeni ajaye, kufuatilia ruhusa, kubandika matangazo, na kuwapa waliohudhuria nafasi ya kuendelea kubishana kwenye foleni ya chakula. Jioni hizo tano zifungwe kwa mada moja. Filamu tano zisizohusiana hukupa hadhira tano tofauti, na kila mara unaanza upya kuwafundisha watu namna ya kusikilizana. Filamu tano juu ya jambo moja hukupa hadhira inayokumbuka kilichosemwa majuma mawili yaliyopita na kukirudia.

Chukua mada ya ziwa letu, Ziwa Victoria, ambayo kwa mtu wa Kisumu haihitaji kutafutwa mbali. Filamu ya Darwin's Nightmare, iliyoelekezwa na Hubert Sauper wa Austria na kutoka mwaka 2004, ilipigwa Mwanza, upande wa kusini wa ziwa letu. Inahusu mbuta, ambaye wenzetu wa Tanzania humwita sangara: samaki aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, akawamaliza furu wengi na samaki wengine wa asili, kisha akawa bidhaa ya viwanda vinavyosafirisha minofu Ulaya huku wenyeji wakibakiwa na mifupa. Mifupa hiyo Mwanza waliiita mapanki; kwetu inaitwa mgongo wazi, na katika mtaa wa Obunga, Kisumu, kuna watu ambao riziki yao ni kuikaanga na kuiuza. Filamu hiyo ilipingwa vikali pia, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwa sura iliyoitoa ya Mwanza na ya nchi yake. Mjadala hauhitaji zaidi ya hapo: jambo ambalo ukumbi unalijua kwa kuligusa, filamu yenye msimamo mkali, na watu wenye sababu za kuukataa msimamo huo. Ukionyesha filamu ya namna hii, waeleze watazamaji mapema kwamba imebishaniwa na imebishaniwa kwa hoja gani, kwa sababu mwendeshaji anayejificha nyuma ya filamu huwa ameshachagua upande bila kusema.

Juma jingine unaweza kuweka Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, inayowaza Afrika Mashariki ya baadaye ambayo maji yamekwisha. Ina dakika zipatazo 20 tu, na ufupi huo ni neema kwa mwandalizi, kwani unaweza kuionyesha, kuijadili, kisha kuionyesha tena jioni ile ile. Mara ya pili watu huona vitu walivyovikosa, na wengine hubadili waliyoyasema nusu saa kabla. Katika jiji lililo ukingoni mwa ziwa, ambamo wakaazi wengi wa Manyatta na Nyalenda hununua maji kwa mtungi, mazungumzo hayachukui muda kutoka kwenye wakati ujao wa filamu hadi asubuhi ya kesho.

Kuhusu urefu, nashikilia kwamba filamu ya jioni ya chuo isizidi dakika 100. Sababu zake ziko kwenye giza na matatu, na nitazifikia.

Mgeni

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami naamini msimu mzima hupona au huugua kwa mgeni. Muhula mmoja tulimwalika mtu mwenye cheo kikubwa, tukiamini kwamba cheo kingejaza ukumbi. Kilijaza kweli. Lakini alifika filamu ikiwa imebakiza dakika kumi, hakuwa ameiona, na alizungumza kwa dakika 50 juu ya umuhimu wa elimu kwa vijana. Maswali mawili yalipoulizwa kuhusu filamu, alijibu kuhusu elimu. Kosa lilikuwa letu sisi wenyeji, tuliompelekea barua ya mwaliko bila kumpelekea filamu.

Siku ya filamu ya samaki tulifanya vingine. Mgeni wetu alikuwa mama mchuuzi kutoka ufuo wa Dunga aliyenunua na kuuza mbuta kwa miaka mingi. Juma moja kabla, wanafunzi wawili walimfuata na kompyuta, wakaketi naye nyuma ya banda lake, na kwa kuwa filamu haikuwa na manukuu ya lugha anayoisoma, mmoja wao alimfasiria kwa Dholuo mwanzo hadi mwisho. Mara mbili aliomba irudishwe nyuma. Jioni yenyewe alizungumza kwa dakika saba tu: nani hupanga bei ya kilo, mchuuzi hujuaje kwamba bei imeshuka, na samaki asiyefikia kipimo cha kiwanda huenda wapi. Kisha, bila kungoja kuulizwa, akataja jaboya, yaani ile desturi ya mvuvi kumdai mwanamke mwili wake ndipo amuuzie samaki, naye alichagua maneno yake kwa uangalifu hata ukumbi ukanyamaza kabisa. Mwanafunzi wa uchumi alipomuuliza juu ya soko la Ulaya, alisema wazi kwamba hilo halijui, na mhadhiri wa masuala ya uvuvi aliyekuwa safu ya nne akanyoosha mkono na kulijibu.

Tangu jioni ile nimekuwa na kanuni moja ambayo sijapata sababu ya kuivunja. Aliyeliishi jambo akae mbele, na mtaalamu wa jambo hilo akae miongoni mwa watazamaji. Ukiwapanga kinyume, mtaalamu atahutubu na yule mwingine atakuwa mfano wake. Ukiwapanga hivi, mtaalamu huzungumza pale tu anapohitajika, naye hufanya hivyo vizuri zaidi kwa sababu anajibu swali lililokwisha kuulizwa. Wengi wa wahadhiri wetu wamekubali nafasi hiyo kwa moyo mkunjufu baada ya kuelezwa sababu. Mwambie mapema, ana kwa ana, wala usimshtukize ukumbini.

Utaratibu wa kumwalika ni huu. Mpelekee barua majuma sita kabla, kwa mkono ikiwezekana, halafu umpigie simu. Barua itaje siku, saa ya kuanza na ya kumaliza, urefu wa filamu, dakika atakazopewa, lugha atakayoitumia, na utakachoweza kumlipa. Ikiwa huna cha kumlipa zaidi ya nauli na chakula, liandike hilo wazi, kwa sababu linaloudhi wageni ni kungoja bahasha isiyokuja. Wageni wote walipwe sawa, awe profesa au mchuuzi. Nauli itumwe kwa M-Pesa siku moja kabla. Mtu aliyefunga kibanda chake mchana kutwa kwa ajili yako asilazimike kukukopesha pesa ya matatu. Hakikisha ameiona filamu nzima. Mwisho, mpe maswali matatu ambayo ungependa ayaguse, na umuulize ni jambo gani asilotaka kuulizwa mbele ya watu, kisha uliheshimu.

Mwelekezi wa filamu anapoishi Nairobi au ng'ambo, waandalizi hupenda kumleta kwa simu ya video. Mtandao wa vyuo vyetu jioni, wakati hosteli zote zimeunganishwa, haustahimili jambo hilo. Mwombe ajirekodi kwa dakika tano akijibu maswali mawili mliyomtumia, kisha mwonyeshe katikati ya mjadala. Waelekezi wengi wa nyumbani hukubali wakiandikiwa kwa adabu na mapema.

Ruhusa

Sehemu hii ni fupi kwa sababu kanuni zake ni chache, lakini usiiruke. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, ambayo ni Sura ya 222 ya sheria za Kenya, inataka filamu inayoonyeshwa hadharani iwe imeainishwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, na bodi hiyo huipa kila filamu daraja kulingana na umri wa watazamaji: GE kwa watu wote, PG kwa watoto wanaosimamiwa na wazazi, kisha 16 na 18. Daraja la 18 lina maana chuoni, kwani wapo wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao hawajatimiza umri huo. Fika kwenye bodi, au uwaandikie, ukiwa na orodha yako mapema, na uulize kila filamu iko katika daraja gani.

Hakimiliki ni jambo la pili. Kulipia huduma ya kutazama filamu nyumbani, au kununua diski dukani, hakukupi haki ya kuionyesha filamu hiyo ukumbini, hata kama kiingilio ni bure. Mwandikie mtayarishaji au msambazaji barua pepe fupi: jina la chuo, tarehe, idadi ya viti, kwamba hakuna kiingilio, na kwamba patakuwa na mjadala. Watayarishaji wa Kenya mara nyingi hupunguza ada au huiondoa kwa onyesho la chuo, na wengine hutuma nakala safi kuliko ile ambayo ungeipata mwenyewe. Weka majibu yote kwenye faili moja. Ukitaka kurekodi mjadala au kupiga picha, kumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu waliomo ukumbini. Tangaza kabla ya kuanza, na utenge upande wa viti ambao kamera haitaelekezwa.

Siku na saa

Hakuna uamuzi unaoonekana mdogo na kugharimu sana kama kuchagua siku. Ijumaa jioni ndiyo ambayo kila kamati mpya huitaja kwanza, na ndiyo mbaya kuliko zote kwetu. Wasabato ni wengi Nyanza na Kisii, na Sabato yao huanza Ijumaa jua linapozama, kwa hiyo ukichagua Ijumaa umewafungia mlango wanafunzi wengi kabla hujafungua ukumbi. Tena Ijumaa ndiyo siku ambayo walio karibu huenda nyumbani, na watu wengi husafiri kwenda matangani kwa ajili ya mazishi ya Jumamosi. Jumanne na Jumatano ni za mpira wa klabu bingwa Ulaya, na mwandalizi anayedhani kwamba filamu itaushinda mpira hajawahi kuona ukumbi ukibaki na nusu ya watu mechi inapokaribia. Jumatatu watu bado wanarejea. Alhamisi imetufaa miaka yote.

Kuhusu saa, mahesabu yake ni haya. Kisumu iko karibu na Ikweta, na jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo hakuna msimu wa giza la mapema wa kuutegemea. Kumbi nyingi za mihadhara zina madirisha mapana yasiyo na mapazia, na projekta ya kawaida haiwezi kushindana na jua la magharibi. Kwa upande wa pili, wanafunzi wanaoishi nje ya chuo hutembea au hupanda matatu kurudi, na baada ya saa tatu usiku njia si salama, hasa kwa wasichana. Kati ya mwanga na usalama umebakiwa na saa mbili na nusu hivi. Fungua milango saa kumi na mbili na robo, anza filamu saa kumi na mbili na nusu ukiwa umeziba madirisha, ikome saa mbili au na dakika chache, na mjadala uishe saa tatu kamili. Ndiyo maana nasema dakika 100. Filamu ya saa mbili na nusu itakula mjadala wote, na wewe uliwaita watu kwa ajili ya mjadala.

Ukumbi, sauti na mvua

Waandalizi huhangaikia picha na kusahau sauti. Watazamaji husamehe picha iliyofifia kidogo. Maneno yasiyosikika hawayasamehe, wala hawaulizi, huondoka tu. Ukumbi wa mihadhara wenye kuta tupu na sakafu ya saruji hurudisha mwangwi, na ukiongeza sauti unaongeza mwangwi pia. Tundika mablanketi au mapazia mazito kwenye ukuta wa nyuma, weka spika mbele kwenye usawa wa vichwa vya watu walioketi na si sakafuni, kisha tembea hadi safu ya mwisho na usikilize. Spika ndogo za kompyuta hazifai kwa watu zaidi ya 20. Azima kutoka kanisa au kwaya ya chuo, ambao mara nyingi wana vyombo bora kuliko idara yoyote.

Mvua inahitaji kutajwa peke yake. Katika ukanda wa ziwa, na Kakamega hata zaidi, mvua nyingi hunyesha alasiri na jioni, na chini ya paa la mabati lisilo na dari mvua kubwa huzima sauti ya spika yoyote. Katika miezi ya Machi hadi Mei tafuta ukumbi wenye dari au wa ghorofa ya chini, hata ukiwa mdogo. Ukikosa, chagua kwa miezi hiyo filamu zenye manukuu, ili mvua ikija watu waendelee kusoma. Nimeuona ukumbi wa watu 80 ukimaliza filamu kwa kusoma tu, mabati yakivuma juu, na mjadala uliofuata mvua ilipotulia ulikuwa miongoni mwa mijadala mizuri ya mwaka ule.

Manukuu hayana faida yakizibwa na vichwa. Sakafu ikiwa tambarare, ukingo wa chini wa picha uinuliwe mita moja na nusu hivi kutoka chini. Shuka jeupe lililopigwa pasi na kuvutwa sawasawa hutosha kuwa skrini. Filamu iwe kwenye kompyuta yenyewe, pamoja na nakala kwenye flashi, usiitegemee intaneti. Zima masasisho, zima arifa za ujumbe, zuia skrini isijifunge, na utazame dakika kumi za mwanzo, za katikati na za mwisho siku moja kabla, kwa vyombo vile vile na ukumbini mle mle.

Stima itapotea siku moja. Jua jenereta ya jengo inaanza baada ya dakika ngapi, ufunguo wake uko kwa nani, na kama ina mafuta. Kama hakuna jenereta, amua mapema kwamba stima ikikatika kwa zaidi ya dakika 15 mjadala utaanza hapo hapo kwa taa za kuchajiwa, juu ya kile kilichokwisha kuonekana, na sehemu iliyobaki itaonyeshwa baadaye. Mweleze mgeni mpango huo ili usimkute hajajiandaa.

Saa ya mjadala

Ufunguzi wa jioni uwe mfupi. Tunayo desturi ya sala, ya kutambua waliohudhuria kwa vyeo vyao, na ya hotuba za makaribisho. Sala fupi inafaa, lakini itifaki izingatiwe kwa sentensi moja, na hotuba zote pamoja zisizidi dakika tano. Ikiwa filamu ina mambo mazito, yaseme kabla ya taa kuzimwa. Kisumu, Nakuru na Eldoret ziliumizwa sana na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ambazo Tume ya Waki, iliyozichunguza, ilihesabu zaidi ya vifo 1,100, na wapo ukumbini waliokuwa watoto wakati ule. Filamu inayogusa mambo kama hayo ionyeshwe mshauri nasaha wa chuo akiwepo, na mtu aruhusiwe kutoka bila kuulizwa.

Filamu ikiisha, usitoe mapumziko. Watakaotoka kununua soda hawatarudi. Usiwashe taa zote mara moja pia. Washa za pembeni na uache dakika mbili za ukimya. Dakika hizo huonekana ndefu kwa mwendeshaji, nawe utatamani kuzijaza kwa maneno. Vumilia. Kisha waambie watazamaji wamgeukie aliye karibu na kila mmoja ataje jambo moja aliloliona, siyo maoni: uso, kifaa, mlango uliofungwa, neno lililosemwa mara mbili. Dakika nne zinatosha. Jambo hili limebadilisha mijadala yetu kuliko jingine lolote, kwa sababu mtu aliyekwisha kusikia sauti yake mwenyewe kwa jirani haogopi kipaza sauti, na kwa sababu mjadala unaoanza na kilichoonekana hukawia kuwa mabishano ya vyama na makabila.

Baada ya hapo mgeni azungumze kwa dakika kumi, si zaidi, kisha ukumbi upewe nafasi. Chukua maswali matatu kwa pamoja, na katika matatu ya kwanza angalau mawili yatoke kwa wasichana. Wavulana wakianza peke yao, muundo huo hudumu hadi mwisho. Kipaza sauti kishikwe na mtu wa kamati, kisiachwe mkononi mwa muulizaji, maana kila chuo kina msemaji wake ambaye swali lake ni hotuba. Anapozidi dakika moja na nusu, mkatize kwa heshima: "Ndugu, naomba tulipate swali lako ili mama aweze kulijibu." Namna hii hulinda heshima ya wote wawili.

Lugha isiwe kizuizi. Tangaza mwanzoni kwamba mtu anaweza kuzungumza Kiswahili, Kiingereza, Dholuo au lugha nyingine ya ukanda huu, na uwe na wafasiri wawili walioandaliwa, sentensi chache kwa wakati mmoja. Ufasiri hupunguza kasi, jambo ambalo kamati hulalamikia, lakini mimi naliona kuwa jema. Watu wanaongoja tafsiri husikiliza mara mbili. Ningependa pia mwendeshaji akumbuke vibanda vya video vya mitaani, ambamo DJ Afro na wenziwe walikwisha kuzifasiri filamu za kigeni kwa sauti zao juu ya picha, wakiongeza utani na maelezo. Wanafunzi wetu wengi walijifunza kutazama filamu humo, na kuzungumza juu ya filamu ni desturi waliyokuja nayo chuoni. Usiwafundishe kana kwamba ni wageni wa jambo hilo.

Robo saa ya mwisho muulize mgeni yeye ana swali gani kwa watazamaji. Yule mama wa Dunga aliuliza ni wangapi kati yao wangekubali dada yao auze samaki ufuoni. Mikono michache iliinuka, mingine ikashuka, na hakuna aliyetaka kuondoka ingawa ilikuwa saa tatu kasoro dakika mbili.

Baada ya watu kuondoka

Funga saa tatu hata kama mjadala umenoga, na walioko nje ya chuo waondoke kwa makundi pamoja na askari au wanakamati. Msindikize mgeni hadi garini. Kabla ya kulala, wanakamati wawili waandike kwenye daftari idadi ya waliohudhuria, maswali yote yaliyoulizwa na yale yaliyokosa jibu. Maswali yaliyokosa jibu hubandikwa kwenye tangazo la filamu inayofuata, na mara mbili yamenisaidia kumpata mgeni mpya, kwa sababu msomaji wa tangazo alisimama ubaoni na kusema kwamba jibu la moja analijua mjomba wake. Barua ya shukrani kwa mgeni iandikwe ndani ya juma hilo, na ripoti ya ukurasa mmoja imfikie mtayarishaji aliyetoa filamu, ikiwa na idadi ya watazamaji na mambo mawili au matatu waliyoyasema. Rudisha spika za kwaya asubuhi, zikiwa zimefutwa vumbi, na nyaya zake zimekunjwa kama ulivyozikuta.